Briza

Baba hasemi gari limekufa.
Husema, "Limebanwa kifua."
Pijo 404, rangi ya maziwa yaliyolala,
alilinunua Mtwara mjini kwa fedha ya korosho
mwaka ambao mimi sikuwa hata wazo.

Kila tukipanda mlima, Masasi kuja Newala,
oili inatoka pasipo njia:
kwenye mfuniko, kwenye sili,
kwenye kijiti cha kupimia,
ambacho siku moja kiliruka chenyewe
kikagonga boneti kwa ndani, ko!
kama mgeni asiyejua hodi.

Fundi Hokororo alibadilisha sili mara tatu.
Mara tatu nililipa.
Ya nne akavua kofia, akachomoa bomba fupi
lililopinda kama kiwiko cha mtoto,
akalipuliza.
Mashavu yakavimba, macho yakamtoka,
haukupita hata upepo wa kuzima kibiriti.
"Dada Zainati," akasema, "kumbe tulikuwa tunamziba mdomo
mtu anayetafuta pua."

Briza. Ndilo jina lake gereji.
Nikaanza kulitafuta.

Mtwara, Chikongola: muuza vipuri aliuliza gari la mwaka gani.
Nikamwambia.
Akaita wenzake waje wasikie.
Walipokwisha kucheka akanipa la Toyota:
"Kajaribu, injini zote zina mapafu."
Zina. Lakini lilicheza shingoni mwa Pijo
kama kiatu cha kaka kwenye mguu wa kitinda mimba.

Lindi, Mtanda: niliambiwa kuna mwenzake, amekaa juu ya matofali.
Nilimkuta. Kuku anaatamia kiti cha nyuma.
Boneti nikainua mwenyewe, na hilo hapo,
briza, mahali pake, zima,
nikalishika
likasagika vidoleni kama mkaa wa makumbi.
Mwenye gari akanidai elfu tano ya kuvunja.

Mtu wa Dar alisema kwenye simu, "Ipo, tuma hela."
Nilituma.
Ipo hadi leo.

Basi ikawa Masasi, soko la Mkuti,
kwa Somoe muuza vyuma chakavu,
mizani yake imefungwa kamba, mguuni soksi moja.
Hakuuliza mwaka. Hakuuliza jina la gari.
"Lete hilo bovu."
Akaingiza kidole cha shahada, kikakomea fundo la pili.
Akakiacha kidole hivyo hivyo, kimenyooka, asisahau kipimo,
akaingia kwenye lundo kwa mkono mwingine:
majembe, pampu za visima, baiskeli zisizo na mwenyewe.
Akatoka na kiwiko cha mpira mweusi
cha mashine ya kupulizia salfa.
Kidole kikaingia. Fundo la pili.
"Elfu mbili," akasema, "na hili bovu niachie.
Yuko mtu atakuja kulitafuta."
Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hokororo alilivika, akakaza vibano viwili.
Kuliosha hatukukumbuka.

Baba alikuja na fimbo yake, akasimama mbali kidogo,
mkono kifuani kwa mazoea.
Miaka thelathini alipuliza mikorosho
kwa kipande cha khanga ya mama mdomoni,
na jioni alikohoa rangi ya yai.
Hayo hatuyasemi sana nyumbani.

Nikawasha.
Pijo likakohoa mara moja, mara mbili,
likatema nyuma wingu dogo lenye ukali wa puani,
kisha likatulia, likaanza kuvuta pumzi
taratibu, kwa haki yake.
Kijiti hakikuruka. Sili kavu.
Hokororo alishika boneti kwa viganja viwili
kama anayepima homa ikishuka.

Baba aliinua pua.
Akageuka kushoto, akatazama shamba la jirani,
akageuka kulia, akatazama letu,
maganda ya msimu bado yametapakaa chini.
"Nani huyo," akauliza,
"anapuliza salfa Desemba?"